Maswali na Majibu: Mtoto hajarudi, wewe unasubiri nini?

Wiki hii nimechagua barua za walezi wa kambo, yaani waliokabidhiwa watoto na ustawi wa jamii, na za wanaolea watoto wa ndugu zao. Zimerundikana, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtoto katoka, hajarudi.

Ni kweli polisi hawapokei taarifa mpaka zipite saa 24? (Kihonda, Morogoro)

Si kweli. Nimelijibu hili mpaka nimechoka, na bado kila mwezi linakuja. Hakuna sheria inayomtaka mlezi akae sebuleni akihesabu saa. Mtoto wa miaka tisa aliyezoea kufika saa tisa alasiri, ikigonga saa kumi na moja hajaonekana na wenzake hawajui alipo, nenda kituoni. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, toa maelezo, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Askari wa zamu akikuambia urudi kesho, omba kuonana na mkuu wa kituo, kwa adabu lakini bila kutoka nje. Piga na 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mwenyekiti wa mtaa naye apewe taarifa, maana ndiye mwenye vijana wa ulinzi shirikishi, na msikitini mara nyingi hawakatai kutangaza kwenye kipaza sauti.

Halafu, jamani, mjue watoto mnaoishi nao. Mtu anafika kaunta na picha ya darasa la kwanza ilhali mtoto yuko la tano. Akiulizwa alivaa nini, anajibu "nguo za kawaida". Za kawaida ndiyo zipi? Kaptula ya kaki yenye kiraka goti la kulia, raba nyeusi zisizo na kamba, kovu la kuungua uji kwenye kiganja: hayo ndiyo konda wa basi anaweza kuyakumbuka.

Shikamoo mama. Binti tuliyekabidhiwa na ustawi katoweka tangu Jumapili. Mume wangu anasema tumtafute kimyakimya, tukiripoti watatunyang'anya. (Nyegezi, Mwanza)

Marahaba. Nilikupigia siku ileile niliyosoma ujumbe wako, na nashukuru kapatikana. Hapa najibu kwa ajili ya wenzako, kwa sababu hofu ya mumeo ndiyo inayokula muda wa watoto wengi.

Faili la yule binti liko kwa afisa ustawi wa jamii. Ndani yake mna majina ya shangazi na wajomba, mtaa aliookotwa, nyumba alizopitia kabla ya kwenu. Hiyo ndiyo ramani unayoihitaji saa ya kwanza. Ukimficha afisa habari, unatafuta gizani huku taa iko kwa jirani. Na mtoto wa malezi ya kambo hukumchukua sokoni. Umekabidhiwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake, kwa hiyo kupotea kwake si siri ya ndoa yenu.

Tena kutoroka peke yake hakumpi afisa mwenye akili sababu ya kukushuku. Mtoto aliyezika wazazi, akapigwa, akahamishwa nyumba hadi nyumba, anaweza kutoroka hata kwenye nyumba yenye upendo na wali kila siku. Kinacholeta shaka ni siku tatu ambazo hakuna aliyeambiwa. Hapo utaulizwa ulikuwa unaficha nini, na utaulizwa kwa haki.

Maafisa nanyi mnisikie. Mkifika kwa mlezi mara moja kwa mwaka, na hiyo mara moja ni kwa vitisho, msishangae mkiambiwa mwishoni.

Je, mganga anaweza kusaidia kuonyesha alipo? (Bila mahali)

Hapana. Nauli hiyo nenda nayo stendi ukaulizie mawakala wa mabasi.

Nimesambaza picha yake WhatsApp na kueleza alivyotupwa na mama yake, ili watu waone huruma. Nimekosea? (Tabata, Dar es Salaam)

Ndiyo. Futa. Picha ya uso, jina analoitikia, umri, alivyovaa, alikoonekana mwisho, kituo cha polisi na namba ya RB vinatosha. Historia ya kwao haimwelekezi mpita njia popote, ila mtoto akirudi shule atakuta darasa zima limeisoma. Akipatikana, tangaza kwamba kapatikana, kisha ondoa picha.

Na namba yako ikishazagaa, wale wa "tuma kwenye namba hii" wataipata. Watasema wanaye, hali si nzuri, wanaomba nauli. Usitume hata mia. Mwambie ampeleke kituo chochote cha polisi kilicho karibu, na namba yake wape wapelelezi.

Kijana wangu wa kambo ana miaka 13, katoroka mara ya tatu, kila mara kwa bibi yake Misungwi. Nimpe adhabu gani? (Ilemela, Mwanza)

Hakuna. Huyo anakwenda kwao. Kaa na afisa ustawi na bibi, mpangiwe siku za kwenda, apelekwe na arudishwe, kama hakuna zuio la usalama. Enzi zangu za kazi tulimkuta msichana stendi ya Msamvu na mfuko wa rambo: nusu kilo ya sukari na maandazi mawili yaliyoumwa kidogo pembeni. Sukari ya bibi. Ungemchapa kwa lipi?

Lakini kama safari hazina bibi mwishoni, geuza swali: anakimbia nini hapo kwako? Mpangaji? Kijana wako mkubwa? Mwalimu wa tuisheni? Na akirudi na simu au viatu usivyonunua, kuna mtu anamvuta. Dalali anayeahidi "kazi ya ndani Dar" kwa mtoto wa miaka 13 si msamaria. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inamhusu.

Mimi namlea tu mtoto wa marehemu dada, sina karatasi. Haya yananihusu? (Dodoma)

Yanakuhusu zaidi. Utaulizwa kituoni wewe ni nani kwake. Nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa ziandaliwe leo mkiwa mnacheka.

Akirudi usiku wa manane, naanza na nini? (Mbagala)

Chakula. Maswali yasubiri, na mkanda usionekane kabisa. Ila ukihisi ameguswa kingono, asioge wala nguo zisifuliwe. Usiku huohuo mpeleke hospitali, kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo (humo aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote mahali pamoja), maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina mwisho wa saa 72 na kila saa ina thamani. Asubuhi rudi kituoni na ustawi useme kapatikana. Wengi hulisahau hili, na askari wanaendelea kumtafuta mtoto aliyelala chumbani kwake.