Maswali Yenu: Mwenza Usiyemchagua na Milango Isiyofunguka

Toleo lililopita niligusia kwamba niliwahi kuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi mnawaita Wamormoni. Sikujua nachokoza mzinga. Nimechagua barua chache na kuondoa majina, na zile zilizouliza jambo moja nimeziunganisha. Mimi si msemaji wa Kanisa. Najibu kwa niliyoyaishi na kwa yale yanayojulikana na kila mtu.

Swali: *Mwanangu amepata mwito na ataondoka karibuni. Shangazi zake wananiambia sitasikia sauti yake kwa miaka miwili. Nitalalaje?* (Mama wa kifungua mimba)

Jibu: Shikamoo mama. Shangazi hawajakudanganya, ila habari zao ni za zamani. Kweli kuna wakati mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, na wiki nyingine ilikuwa barua pepe. Februari 2019 Kanisa lilibadilisha utaratibu. Sasa anaweza kuzungumza na familia kila wiki, kwa simu, kwa ujumbe au kwa video, katika siku yake ya maandalizi.

Hiyo siku ya maandalizi, ambayo sehemu nyingi huwa Jumatatu, ndiyo ya kufua, kudeki, kunyoa nywele, kununua mahitaji na kuandika barua. Jioni anarudi kazini. Kwa hiyo akikupigia huku bomba linamwaga maji, usidhani hakusikilizi. Anafua.

Nakuomba jambo moja: usimwulize amebatiza wangapi. Kama wiki nzima amezunguka bila kupata hata mtu mmoja wa kumsikiliza, swali hilo litamziba mdomo na simu itaisha kwa "tuko salama". Mwulize mwenza wake, yaani mmisionari aliyepangwa kufanya kazi naye, anaitwa nani na anaendeleaje. Hapo utasikia habari.

Swali: *Nawaona wawili wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Wanashinda wakifanya nini, na nani anawalipa?* (Jirani mdadisi)

Jibu: Hakuna anayewalipa, wao ndio wanaolipa. Tangu Julai 2020 mmisionari anayetoka Marekani na nchi nyingine kadhaa zenye uwezo huchangia dola 500 kwa mwezi, hata kama ametumwa mji ghali au mji rahisi. Kabla ya hapo zilikuwa 400. Wanaotoka nchi nyingine huchangia wanachoweza na mfuko wa Kanisa unajazia. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana 18. Umri wa kuanza ulishushwa mwaka 2012, wavulana kutoka 19 hadi 18 na wasichana kutoka 21 hadi 19, na ndiyo maana unaowaona wana sura za wanafunzi.

Ratiba ya kawaida ni kuamka saa 12:30 asubuhi, mazoezi nusu saa, kuoga, kifungua kinywa, kisha kusoma maandiko, kwanza peke yako halafu na mwenza. Anayejifunza lugha ngeni anaongeza muda wa lugha. Baada ya hapo mnatoka, mnarudi karibu saa 3 usiku, na taa zinazimwa saa 4:30. Tangu 2017 kila misheni (eneo la kazi ya wamisionari) ina nafasi zaidi ya kusogeza saa hizo kulingana na mazingira yake. Mimi mazoezi ndiyo yaliyonishinda kupenda: kuruka kamba chumbani asubuhi ile, mwenza anakuhesabia kwa sauti kama sajini!

Kubisha hodi kwa watu msiowajua ni sehemu ndogo ya kazi kuliko watu wanavyodhani. Muda mwingi unakwenda kwa mtu aliyeletwa na rafiki yake muumini, kwa aliyeacha kuja kanisani, au kwa familia inayohama na inataka mikono ya kubeba kabati. Masomo yanatoka kwenye mwongozo uitwao Hubiri Injili Yangu, uliotoka 2004 na kutolewa upya 2023. Kabla yake kulikuwa na masomo sita yaliyopangwa tayari. Sasa unatakiwa kuyajua mafundisho yenyewe, kisha umwambie mtu kwa maneno yako. Ni vigumu zaidi, maana mtu akikuuliza swali huna karatasi ya kujificha nyuma yake.

Swali: *Nina miaka 18 na najaza fomu zangu. Kuhubiri hakunitishi, kinachonitisha ni huyo mwenza. Ni kweli huruhusiwi kuachana naye hata kidogo? Na tusipopatana?* (Kijana wa fomu)

Jibu: Mdogo wangu, katika barua zote hili ndilo swali la maana zaidi, na nashangaa limeulizwa na wewe peke yako. Watu wanajiandaa kwa kukariri maandiko na kununua viatu visivyopasuka upesi, halafu wanafika na kukuta kazi ngumu imelala kitanda cha pili.

Kanuni ni kwamba akuone na akusikie, na wewe umwone na umsikie. Bafuni uko peke yako. Unapohojiwa na rais wa misheni, yaani mkuu wa wamisionari wa eneo lote, uko peke yako. Zaidi ya hapo ni wawili. Humchagui, rais wa misheni ndiye anayepanga, na karibu kila wiki sita unakuja uhamisho, mnaambiwa nani anabaki na nani anafunga sanduku. Mwaweza kuachana baada ya wiki hizo sita au mkakaa miezi. Majina ya kwanza hayatumiki: yeye ni Elda Fulani akiwa mvulana, au Dada Fulani, na Fulani ni jina la ukoo.

Niliwahi kupangwa na dada mmoja aliyekuwa mtu mwema siku zote isipokuwa Jumatatu. Ikifika Jumatatu anafunga kabati kwa kishindo, ukimsemesha anakujibu "ndiyo" na "hapana". Nikaanza kumtazama siku hiyo anafanya nini. Sisi wengine tulikuwa tunasoma barua pepe za nyumbani, tunacheka, tunasomeana. Yeye alifungua sanduku lake la barua, akalifunga, akachukua pasi. Akapiga pasi sketi zake zote, zilipokwisha akaanza zangu. Baadaye aliniambia kwamba ni yeye tu katika ukoo wao aliyejiunga na Kanisa, na baba yake alikuwa amepiga marufuku jina lake kutajwa nyumbani mpaka akili zimrudie. Hakuna aliyethubutu kumwandikia.

Nilimwomba mama yangu amwandikie. Mama si mtu wa maneno ya kiroho. Alijaza ukurasa mzima kuhusu jino lake linalouma na mdogo wangu aliyefeli hesabu. Mwenza wangu aliisoma amesimama, akairudia, kisha akauliza, "Kwani huyu mdogo wako amepata ngapi?" Mama akaendelea kumwandikia. Jumatatu zake hazikuwa sikukuu, lakini kabati lilipumzika.

Nikiulizwa imani yangu ilikomalia wapi, nasema ni chumba kile, si barabarani. Kumpenda mtu anayekusikiliza robo saa kisha anakwenda zake ni rahisi. Huyu wa chumbani ameshakuona ukiwa na njaa, na bado mnatakiwa kupiga magoti pamoja kabla ya kulala.

Sasa yale ya kufanya. Kila wiki mnapomaliza kupanga kazi, mna muda wa tathmini ya wenza: kila mmoja anasema kinachokwenda vizuri na kinachomkwaza. Wengi wanaigeuza maigizo, "mimi sina neno, wewe je?" Usiipoteze hivyo. Taja jambo moja, dogo, la juzi: "Nilipokuwa nafundisha ulinikatiza mara mbili." Ukimwambia "una dharau", mmeshaanza ugomvi. Ila kama mtu anakutisha au anakuvunjia heshima, hilo halivumiliwi kwa kisingizio cha utii. Mpigie rais wa misheni siku hiyohiyo.

Swali: *Kanisa lenu liliwabagua watu weusi. Mlikuwa mnatuambia nini tukiwauliza?* (Msomaji asiyependa kuzungushwa)

Jibu: Sitakuzungusha. Kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi Juni 1978, wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani, ambao kwetu hupewa wanaume waumini wa kawaida, na weusi, wanaume kwa wanawake, hawakupokea ibada za juu za hekaluni. Brigham Young, rais wa Kanisa wakati huo, alilitangaza zuio hilo hadharani mwaka 1852, ingawa enzi za mwanzilishi wetu, Joseph Smith, kulikuwa na watu weusi wachache waliotawazwa, akiwemo Elijah Abel, ambaye alitumwa pia kama mmisionari. Mwaka 1978 rais wa Kanisa, Spencer W. Kimball, alitangaza ufunuo ulioliondoa zuio. Mwaka 2013 Kanisa likachapisha maelezo yanayozikana nadharia zilizokuwa zikilitetea, kama ile kwamba ngozi nyeusi ni dalili ya laana.

Wapo wamisionari wanaojibu kwamba njia za Mungu si njia zetu, kisha wanafungua ukurasa mwingine. Jibu hilo sikulipenda nikiwa na beji na silipendi leo. Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza kama ulivyouliza wewe. Nilimpa historia kama nilivyoiandika hapo juu. Nikamwambia mimi ni mweusi, nimeisoma, inaniuma, na nimebaki kwa sababu ya niliyoyapata nikisoma Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu pamoja na Biblia, na kuomba. Nikamwonyesha 2 Nefi 26:33, panaposema Mungu hamkatai yeyote amjiaye, mweusi wala mweupe. Akasema, "Basi walikuwa na andiko hilo muda wote huo?" Nikasema ndiyo. Hakujiunga, na swali lake bado ninalo.

Swali: *Mnafukuzwa kila siku, mnaomba na hakuna kinachotokea. Imani haifi?* (Mlokole rafiki)

Jibu: Inakonda, haifi. Mwanzoni nilikuwa naomba tupate watu, kama muuzaji anayeomba wateja. Baadaye sala ikashuka chini: naomba kwa ajili ya mtu fulani, kwa jina lake, na shida yake ninayoijua.

Katika kitabu cha Alma, ndani ya Kitabu cha Mormoni, yupo mmisionari Amoni, aliyekwenda kwa mfalme Lamoni. Anapewa binti wa mfalme aoe, anakataa, anaomba awe mtumishi. Wahubiri wetu wanapenda sana pale anapopambana na majambazi wa mifugo na kuwakata mikono. Mimi napenda kinachofuata. Mfalme ameduwaa, anauliza yule mtu yuko wapi, anaambiwa anawalisha farasi wako, kama ulivyoagiza. Mahubiri yanakuja baada ya farasi.

Kulikuwa na bibi mmoja katika eneo letu ambaye hakutaka somo lolote. Alitaka tumsomee maandishi madogo kwenye chupa zake za dawa, maana macho yalimchoka. Kila wiki tulikwenda, tunasoma "mara mbili kwa siku, baada ya chakula", tunaaga. Katika taarifa ya juma hapakuwa na safu ya kumwandika, kwa kuwa hakuwa akifundishwa. Tuliendelea kwenda.

Swali: *Nilirudi nyumbani kabla ya muda wangu. Wasiwasi ulinizidi, silali, moyo unapiga hovyo. Kanisani wananiuliza "mbona mapema?" Sasa nakaa kiti cha nyuma na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho.* (Dada aliyerudi)

Jibu: Pole, dada yangu. Ulichoeleza ni ugonjwa, na ugonjwa una daktari. Kama hujamwona, anza na huyo kabla hujaanza na askofu, ambaye kwetu ni kiongozi wa kanisa la mtaani. Kisha mwone askofu, na umwambie wazi kinachokusumbua ni kuulizwa mlangoni mwa kanisa. Anaweza kuwanyamazisha wengi kwa neno moja.

Kwa wanaokuuliza, una ruhusa ya kujibu "niliugua, naendelea na matibabu" na kuomba njia upite. Huna deni la maelezo. Na ukipata nafuu ukatamani kuendelea, ipo misheni ya huduma, ambapo mtu anaishi kwake na kufanya kazi za kusaidia watu katika eneo lake. Usiikimbilie ili kuwaziba watu midomo. Nenda ukiitaka.

Na ninyi wengine mlio kanisani: mwacheni dada wa watu akae kiti anachotaka.

Swali: *Ni kweli wamisionari hawaogelei kwa sababu shetani anatawala maji?* (Mpenda bahari)

Jibu: Kutoogelea ni kweli. Shetani ameongezwa na wasimuliaji. Chanzo cha hadithi hiyo ni sehemu ya 61 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, ya Agosti 1831, iliyotolewa Joseph Smith na wenzake wakiwa safarini kwenye mto Missouri, na inayozungumzia hatari za majini. Kanuni ya leo ni ya usalama tu. Maji tuliyoyaona kwa karibu ni ya ubatizo, na humo wanaingia ndugu wenye ukuhani. Sisi akina dada tulishika taulo. Kwa hiyo mama wa kifungua mimba, kijana akiagiza nguo ya kuogelea, mwulize ya nini.