Nilienda maandamano nikasimama pembeni tu, je huo ni unafiki?

Shangazi habari ya siku nyingi. Mimi ni dada wa miaka 26, nauza nguo za mitumba hapa Nairobi na kuna kitu kimenikaa rohoni tangu yale maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake, yale ya Jumamosi tarehe 27 Januari 2024. Nilienda. Hakuna mtu alinituma, niliona tu tangazo kwa simu nikasema leo kibanda kitafunguliwa baadaye. Sasa nilipofika bustani ya Jeevanjee nikapata watu wamejaa hadi barabarani, ni nyimbo, ni filimbi, ni mabango, alafu miguu ikakataa kabisa kuingia ndani. Nikasimama upande wa Moi Avenue nikawa naangalia watu tu. Wakianza kutembea nikawafuata kando ya barabara kama mtu anaenda shughuli zake. Sikubeba bango, sikuimba, ata kuitikia sikuitikia. Jioni rafiki yangu tunayeishi naye ploti moja akaniambia ati nilienda kutazama sinema ya wafiwa. Hiyo maneno iliniuma sana juu nikafikiria labda ni ukweli. Je nilikosea? Na zikiitishwa zingine niende ama nikae tu nyumbani?
Mwangaliaji, Nairobi

Mwangaliaji (jina umejipa mwenyewe, mimi simo), kabla sijasema kitu naomba umuulize huyo rafiki yako yeye alikuwa wapi hiyo Jumamosi.

Haya. Mimi pia nilikuwepo, na wacha nikuambie, watu wa pembeni kama wewe mlikuwa wengi kuliko unavyofikiria, ni vile mkiwa pembeni hamuonani. Mtu akiangalia picha za gazeti anaona wale wa mbele peke yao, wenye vipaza sauti na mabango makubwa, anadhani maandamano ni hao. Lakini simama mahali uone vizuri. Kuna wale wamekuja kikundi wamevaa tisheti nyeusi zimeandikwa majina ya wanawake waliouawa mwezi huo huo wa Januari, hao hata wakinyamaza ujumbe umefika. Kuna mama amekuja na binti zake wawili na ukimwangalia unajua hii ni mara yake ya kwanza, anashika pochi kwa mikono miwili kama yuko soko la Gikomba. Kuna wasichana wa chuo wanajua nyimbo zote. Kuna yule amesimama mlangoni mwa duka la bosi wake, hawezi kutoka juu ni saa ya kazi, lakini midomo inaenda pamoja na wimbo. Abiria wa matatu zilizokwama kwa jamu, wengine wamekasirika, wengine wametoa kichwa dirishani wanapunga mkono. Na nyinyi wa ukutani. Sasa niambie hapo nani ameandamana na nani hajaandamana, mpaka uko wapi?

Na wewe uliyesimama pembeni uliona vitu ambavyo wa katikati hawakuona, maana ukiwa katikati unaona mgongo wa mtu. Nina hakika uliona, ama ulisikia, vile mwakilishi wa wanawake wa kaunti alipojaribu kuhutubia pale bustanini akazomewa, watu wanamuuliza "ulikuwa wapi?" na wanamwambia aende nyumbani, mpaka hotuba ikashindikana. Wengine walisema baadaye ati hiyo ilikuwa utovu wa adabu. Mimi sikuiona hivo. Ule ulikuwa umati wa watu wamechoka kuambiwa pole, na ukitaka kujua kwa nini wamechoka angalia hesabu, habari zilizokusanywa kutoka magazetini zinaonyesha zaidi ya wanawake 500 waliuawa Kenya kati ya 2016 na 2023, na hizo ni zile zilizoandikwa tu. Alafu mwaka huo huo wa 2024, miezi mitatu ya Agosti hadi Oktoba, polisi wenyewe walitaja wanawake 97 waliouawa. Lakini pamoja na hasira yote hiyo hukuona watu wakivunja duka, hukuona mawe, uliona watu wanazomea kwa mdomo alafu wanaendelea na safari yao. Hiyo ndio habari, na anayeweza kuisimulia ni mtu aliyekuwa anaangalia.

Kwa sababu unajua vile huwa inaenda. Maandamano yakiisha tu jioni, watu ambao hawakutoka kitandani wanaanza kutuambia nani alikuwa pale: ati walilipwa, ati ni wanawake hawajaolewa, ati ni wahuni walikuja kuiba simu. Wewe ulikuwepo. Unaweza kusema hapana, niliona hivi na hivi. Na isitoshe, kuna watu kazi yao siku kama hiyo ni kuangalia tu, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu huwa inatuma maafisa kwenye maandamano wasimame waandike wanachoona, hawaimbi hao na hakuna mtu anawaita wanafiki.

Tena nikukumbushe ya zamani kidogo manake wewe hukuwa umezaliwa. Februari 28 mwaka wa 1992, kina mama ambao watoto wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walienda kukaa Uhuru Park, ile kona watu wakaja kuiita Freedom Corner, wakiwa na Wangari Maathai, na wakaanza mgomo wa kutokula. Mwanzo walikuwa wachache tu. Wapita njia wakaanza kusimama kuangalia, si wanaharakati hao, ni watu wametoka kazini wanaelekea stejini, alafu kidogo kidogo kati ya hao waangaliaji wakatokea watu wakaanza kusimulia vile wao pia waliteswa na serikali, maneno walikuwa wamefungia ndani kwa miaka. Machi 3 polisi wakaja wakawapiga, Wangari akapoteza fahamu akapelekwa hospitali, kina mama wengine wakavua nguo mbele ya askari, na wewe unajua kwetu hiyo ni laana ya aina gani. Wakahamia kanisa la All Saints, hapo karibu tu, na wakakaa huko karibu mwaka mzima. Mwaka wa 1993 wengi wa vijana wao walikuwa wameachiliwa. Sasa sisemi ni waangaliaji waliowaachilia. Nasema tu wale kina mama hawakuwahi kumuuliza aliyesimama pale kwa nini hajakaa chini na yeye afunge kula.

Ila kuna kuangalia kumoja mimi sikupendi na nitakuambia wazi. Ni kule kwa kuchukua simu, unamsogelea mtu analia, mtu pengine ndugu yake ndiye yuko kwa ile tisheti, unampiga video uso wote unaenda kuweka mtandaoni na vichekesho juu. Hiyo sasa ndio sinema ya wafiwa. Kama hukufanya hivo basi rafiki yako amekukosea na anafaa akuombe msamaha, japo usimngojee.

Zikiitishwa zingine nenda. Usijilazimishe kuingia katikati, anzia pale pale pembeni, na siku miguu ikikubali utaingia mwenyewe bila kusukumwa. Ukiingia, jua njia ya kutokea ni gani kabla haijajaa. Ukisikia mabega ya watu yanakubana pande zote na huwezi kuinua mikono, hapo tayari ni wengi mno, weka mikono mbele ya kifua na utoke kwa kukata mshazari kuelekea ukingoni, usipingane na mwendo wa watu. Viatu vya kufunga, maji, na namba ya mtu mmoja uandike kwa karatasi juu simu huzima. Na usidhani kila siku itakuwa kama ile ya Januari. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo wanawake walitoka tena Nairobi kwa sababu ile ile, kwa amani vile vile, na wakarushiwa vitoza machozi na wengine wakakamatwa. Kwa hivo mwambie mtu wa nyumbani unaenda wapi, hata kama ni huyo rafiki wa sinema.

Shangazi, sisi huku Kisumu kila tukitaka kufanya matembezi kidogo ya amani tunaambiwa ati lazima tupate ruhusa ya polisi kwanza. Ni kweli ama wanatutisha tu?
Kikundi cha kina mama, Kisumu

Hapana, ruhusa si neno lake. Katiba kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wakubwa, mradi awe na amani na asibebe silaha. Sheria ya utulivu wa umma ndiyo inataka mwandalizi apeleke taarifa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, angalau siku 3 kabla na isizidi siku 14, aseme ni lini, wapi, mtapitia wapi, na iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Taarifa inapelekwa na mwandalizi, si kila anayehudhuria. Andikeni barua nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri mrudi nayo. Wakikataa kuigonga andikeni pembeni ya nakala yenu tarehe, saa, na aliyeipokea. Kuna OCS atakuzungusha hata na hayo yote, lakini akikuzungusha na una nakala, wakili ana pa kuanzia.

Shangazi mimi ni mwanaume wa Nakuru, mke wangu anataka twende pamoja kwa haya maandamano ya wanawake lakini naogopa nitaonekana kama adui, niangaliwe vibaya. Niende ama nimsubiri nje?
Baba Njeri

Nenda bwana. Januari wanaume walikuwepo na sikuona aliyefukuzwa. Utaangaliwa kidogo, ndio, na utavumilia, mkeo huangaliwa kila akipita stejini na huwa haandiki barua kwa gazeti. Usitafute kipaza sauti, usianze kuelezea watu ati si wanaume wote wako hivo, siku hiyo hakuna mwenye nguvu ya kukusikiliza. Beba maji, beba mtoto mkimleta, na mkeo akitaka kusogea mbele na wewe hutaki, mkubaliane mapema mtakutana wapi.