Kituo cha simu kwa programu huria: kabla hujafunga, soma hapa

Msomaji wa Chake Chake ameniuliza: ofisi yake ya tiketi za boti ina wahudumu kumi wa simu, programu ya kulipia inatozwa kwa kila kiti kila mwezi, je, ahamie FreePBX, programu huria ya kuendesha simu za ofisi? Ahamie, lakini kwanza apate mtu wa kulipwa kuiangalia. Wengi wanaliruka hili, kisha lawama inabebeshwa programu.

Injini inayoziendesha simu zenyewe ni Asterisk, aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. FreePBX na mwenzake Issabel zinakurahisishia kuipanga kwa kubofya. VICIdial, nayo ya Asterisk, inawafaa zaidi wanaopiga simu nyingi kwenda nje. Kwa ofisi inayopokea, FreePBX yatosha: foleni, menyu ya sauti na kurekodi vyote vimo. Panga foleni kwa mtindo wa rrmemory ili simu zizunguke kwa zamu, na wape wahudumu sekunde 15 za kuandika kabla simu nyengine haijaingia. Maelekezo mengi ya mtandaoni bado yanatumia chan_sip, sehemu ya zamani ya kuunganisha simu za intaneti (SIP), iliyoondolewa kuanzia Asterisk 21. Fuata yanayotumia PJSIP, iliyochukua nafasi yake.

Tatizo linalowasumbua wengi siku ya kwanza ni sauti ya upande mmoja: mteja anakusikia, wewe humsikii. Seva iliyo nyuma ya ruta imemtajia mtoa laini (kampuni inayokuunganisha na mtandao wa simu) anwani yake ya ndani, ile ya 192.168, naye anaitupa sauti kusikofika. Ingiza anwani ya nje na mtandao wa ndani kwenye mipangilio ya SIP, fungua milango ya UDP 10000 hadi 20000, inakopita sauti, kwa mtoa laini, kisha zima SIP ALG kwenye ruta, kipengele kinachobadilisha taarifa za simu njiani. Hiyo ALG imeharibu simu nyingi kuliko ilizosaidia.

Kwa kodeki ya G.711, yaani namna ya kuisimba sauti, kila simu inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na nyengine kama hizo kurudi. Simu kumi hazifiki megabiti moja kila upande, kwa hiyo tafuta intaneti iliyotulia kabla ya iliyo na kasi. Seva iweke ofisini au Dar es Salaam. Ukiikodi Ulaya, sauti inachelewa na watu wanakatizana maneno. UPS, betri ya umeme ukikatika, isiishie kwenye seva: ruta na swichi zikizima, seva inabaki inawaka bure.

Rekodi za WAV zinachukua karibu megabaiti moja kwa dakika. Diski ikijaa, mfumo mzima unaanza kuyumba, basi weka utaratibu wa kuzihamisha kila usiku.

Wezi je? Wanachungulia mlango 5060, unaopokea maombi ya simu za SIP, usiku na mchana, na namba ya ndani 101 yenye nywila 101 wanaipata haraka. Kisha wanapiga nchi za mbali kwa gharama yako. Weka Fail2ban, programu inayomzuia anayekosea nywila mara nyingi, zuia simu za nje ya nchi ila unazozihitaji, na mwombe mtoa laini akuwekee kikomo cha matumizi. Jamani, hili msilifanyie mzaha.

Upungufu mkubwa ni ripoti. Ukitaka kujua wangapi wamekata simu wakiwa foleni na walisubiri muda gani, taarifa zimo kwenye faili la queue_log, lakini kuzisoma vizuri utanunua moduli au utamlipa mtu akuandikie. Afadhali zimebaki mikononi mwako. WhatsApp nayo haimo. Ni kazi ya pembeni.

Kusasisha kufanyike usiku, ofisi ikishafungwa, na nakala ya mipangilio iwe imeshawekwa nje ya seva.