Wabunifu majengo wapya, jueni bamvua na kusi kabla ya kuchora

Wiki iliyopita nilipitia michoro ya wahitimu wawili waliojiunga na ofisi yetu hapa Dar es Salaam, nao walikuwa wamepewa banda la ushirika wa wavuvi na wakaanga samaki upande wa Kigamboni. Walichora jengo la duara lenye paa la makuti, mfano wa msonge wa Wahaya wa kule Kagera, kwa maelezo kwamba hiyo ndiyo asili yetu. Ninawapenda vijana hawa na bidii yao naiona, lakini kosa hilo nimelikuta mezani mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

1. Asili ina mahali pake. Nyumba ya pwani hii ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Barazani watu hupokea wageni na kushona nyavu. Uani wanawake hupika na kuanika. Anayeondoa ua ili apate vyumba zaidi amemwondolea mama sehemu yake ya kazi, hata kama amebakiza makuti juu.

2. Pangeni mikutano kwa kufuata maji. Hili nililijua kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilibuni banda la kukaangia samaki katika kijiji kimoja cha pwani. Niliitisha mkutano mwezi wa Januari, saa nne asubuhi, siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Mzaliwa yeyote wa pale angeniambia kwamba siku za bamvua, saa hiyo maji huwa yamekupwa kabisa na wanawake wako mwambani wakitafuta pweza na chaza. Walikuja wanaume, wakazungumzia ghala la nyavu na injini, nami nikaandika kwamba jamii imeshirikishwa. Majiko niliyaweka mwisho wa banda upande wa kusini, kwa kuwa siku zile kaskazi, upepo utokao kaskazini, ilikuwa ikivuma na moshi ulikwenda zake nje vizuri. Nikaridhika, mkadiriaji majenzi akaridhika, fundi akamaliza kazi.

Kusi, upepo utokao kusini, ilipoanza, moshi wote ulirudi ndani. Nilipofika mwezi wa Julai niliwakuta akina mama wamehamisha makarai yao chini ya mti wa mkungu, wakikaanga nje kama zamani, na ndani ya banda kumejaa nyavu. Mama mmoja mtu mzima alinikaribisha, akanipa kipande cha samaki, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona hukutuuliza? Upepo wa hapa tunaujua." Sikuwa na jibu. Fedha za mradi zilikuwa zimekwisha, na moshi ule waliuvumilia watu ambao sikuwahi kuwasikiliza. Ilichukua misimu miwili kupata fedha za kuhamishia majiko upande wa kaskazini na kutoboa ukuta wa mashariki, ambao pia ulikuwa umewaziba wasione ngalawa zikiingia, hata wakawa wanachelewa mnada. Ukuta huo niliuweka kwa ajili ya sura ya jengo tu.

3. Pimeni mita 60 kutoka ufukweni kwanza, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Vichanja vya kuanikia samaki na kivuli cha mnada, ambavyo lazima viwe karibu na maji, vibuniwe kwa miti na makuti, vitu vinavyoweza kuondolewa.

4. Paa la makuti lisipungue mwinamo wa nyuzi 45, la sivyo mvua za masika zitaingia. Chumvi ya bahari hula misumari na bati. Jadilini hilo na fundi mapema.

5. Nendeni saiti alfajiri, bila michoro. Wahitimu wetu wawili nimewaomba wakae siku nzima ya bamvua na siku nzima ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, wakiandika nani anasimama wapi na saa ngapi, na warudi tena kusi ikishika. Mwenye mradi amelalamika kwamba ratiba inasogea. Nimemwandikia barua ya kumweleza kuhusu lile banda langu la kwanza.