Mnara wa Fanjove si ngome

Salaam ndugu. Umeuliza kama mnara wa kisiwa cha Fanjove, huku kwetu Kilwa, ni mabaki ya ngome ya Wareno. Hapana. Ni mnara wa taa ya kuongozea meli, uliojengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Ngome ya Wareno ilikuwa Kilwa Kisiwani, mwaka 1505. Nadhani hapo ndipo mambo yalipochanganyika.

Kabla hujaandika chochote, angalia kwanza mnara umekaa wapi. Fanjove iko ukingoni mwa visiwa vya Songo Songo, upande wa bahari kuu. Wanafunzi huwa nawashauri waende siku za bamvua, maji yakishakupwa: mwamba unajitokeza, mrefu, na mawimbi yanapasuka mbali kabisa na ufukwe. Maji yakijaa huoni kitu. Meli ya usiku ingejuaje?

Kisha waulize manahodha wazee wa Kilwa Kivinje kuhusu taa za baharini. Kila taa ina mpigo wake: nahodha huhesabu sekunde za kuwaka na kuzima, akalinganisha na ramani ya bahari, akajua yuko wapi. Mchana mnara wenyewe ndio alama. Kwenye ripoti yako, hili lipe nafasi kubwa kuliko tarehe za ujenzi.