Draisuti ya mtumba na kosta ya jioni

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nipo Uyole hapa Mbeya, mwaka jana nilibahatika kwenda Nungwi nikapata cheti cha kuzamia, kile cha mwanzo, tulivaa wetisuti nyepesi tu maji yenyewe vuguvugu. Sasa mwezi wa kwanza naenda Norway kusoma ufugaji wa samaki na wameshanambia kule wanazamia na draisuti, ile suti isiyoingiza maji kabisa. Kuna jamaa ana ya mtumba ananiuzia bei poa, nikawaza niipigie mazoezi Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, wikiendi moja, Jumapili mchana nikitoka majini nadaka gari jioni niko home. Umelionaje hilo? Halafu samahani, ukishafungiwa humo ndani haja ndogo inakuwaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa safari. Naanza na hilo gari la jioni maana ndo limenitisha kuliko suti yenyewe. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, na kabla hujafika Uyole barabara inakupitisha Isongole juu zaidi ya mita 2,000. Ukitoka kuzamia mwili una naitrojeni imeyeyuka kwenye damu, ukipanda juu presha ya hewa ya nje ikishuka haraka inaweza kutoka kama mapovu ya soda, ndo maana wazamiaji wanaambiwa wasipande ndege mpaka yapite angalau masaa 12 kama umezamia mara moja, 18 kama umerudia. Kosta ya Tukuyu nayo ihesabu kama ndege tu. Lala Matema, ule samaki, panda Jumatatu.

Na barabara hiyohiyo itakufundisha draisuti bure. Ukiwa Isongole kunywa maji yako, chupa ikiisha ifunge kizibo vizuri uiweke miguuni. Ukifika Kyela utaikuta imebonyea. Sasa fikiria wewe ndo uko ndani ya hiyo chupa, kwa sababu draisuti ni hewa iliyofungiwa, na baharini ukifika mita 10 tu ile hewa inabaki nusu ya ujazo wake. Suti inakubana, inakufinya mpaka mikunjo inakuachia alama nyekundu. Kwa hiyo ukishuka unaminya valvu ya kifuani inaingiza hewa ya mtungi kidogokidogo, ukipanda hewa inatanuka inabidi uitoe kwa valvu ya begani kushoto, unaunyanyua mkono huo iwe ndo sehemu ya juu kabisa. Ukisahau kuitoa utapanda kama puto.

Mimi yalinikuta. Nilijifunzia Uingereza kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji, nikainama chini kuangalia kitu kinang'aa (kilikuwa kijiko), hewa yote ikakimbilia miguuni, buti zikavimba, pezi moja la mguuni likachomoka nikaanza kupaa miguu juu kichwa chini mpaka mwalimu akanidaka. Dawa yake ni kujikunja kama mtoto tumboni, unabiringika mpaka kichwa kirudi juu, halafu unatoa hewa. Hiyo kitu inafanyiwa mazoezi kwenye bwawa na mwalimu pembeni, mara kumi ikibidi, si Matema na jamaa aliyekuuzia suti.

Joto pia watu wanalielewa vibaya. Wetisuti inaingiza maji kidogo mwili unayapasha, draisuti inakuacha mkavu lakini yenyewe haipashi, kinachokupasha ni nguo nene za ndani, na nguo hizo zinakuongezea kuelea, ndo maana mkanda wa uzito wa kukuzamisha utakuwa mzito kuliko wa Nungwi. Maji ya Norway Januari yanaweza kuwa nyuzi 5 hivi. Ya Nyasa ni 23 mpaka 28, uvae vyote hivyo pale mchangani jua la mchana, utazimia kabla hujaloa.

Hiyo ya mtumba usiilipie kabla hujavuta mpira wa shingoni na wa mikononi, ukiona vimistari vya kupasuka ujue umeoza, zipu nayo ipinde uikague meno moja moja. Na shingo isikubane kwa kutaka isivuje, ikikaza sana inagandamiza mishipa ya shingoni inayopeleka damu kichwani unaweza kupoteza fahamu. Kuvaa unapaka poda, kucha fupi, pete unaacha nyumbani. Kusema kweli mi ningesubiri ya chuoni.

Haja ndogo sasa. Wengine hawanywi maji siku nzima, wanakosea, mwili mkavu unaongeza hatari ya yale mapovu. Wanaume kuna ka mpira kama kondomu kanaungwa na bomba linatokea kwenye valvu pajani, ila isipovalishwa sawasawa suti inageuka choo. Mi navaa pampasi za wazee. Duka la dawa ukiulizwa ni za nani, sema za babu.