"Lead" si kuongoza kila mahali

Salaam ndugu. Katika tafsiri uliyonitumia umekwama kwa sababu neno la Kiingereza "lead" umelifanya "kuongoza" kila lilipotokea, na sasa una "mabomba ya kuongoza". Kwanza angalia maneno jirani. Ukiona bomba, betri ya gari, rangi au petroli, hiyo ni risasi, yale madini mazito ya kijivu, na hutamkwa "led". Mabomba yako ni ya risasi. Niliwahi kutafsiri onyo la kopo la rangi lililosema "lead paint", nikaandika "rangi kuu" badala ya "rangi yenye risasi". Mteja akanirudishia, na iliniuma sana, maana onyo lile lilikuwa la kuwakinga watoto na sumu.

Ikitamkwa "liid", uliza nani anatenda. Mtu huongoza, ila barabara ikiwa "leads to Tanga", huenda Tanga. Uvutaji sigara nao ukiwa "leads to cancer", husababisha saratani. Wengi huandika "hupelekea", mimi naliepuka. Polisi wakiwa na "lead", wana fununu. "Lead" ya mbwa ni kamba ya kumshikia.

Chunga pia "led" iliyoandikwa: ni "aliongoza", ingawa hutamkwa sawa na yale madini.

Sentensi yako ya mwisho umeikata katikati. Ilete nzima tuitazame.